Kabati la Nyimbo: Jinsi Walatvia Walivyozikusanya Nyimbo za Wazee Wao

Mazungumzo ya leo ni juu ya kabati. Si kabati la nguo, wala si la vyombo. Ni kabati la nyimbo, nalo limo katika mji wa Riga, ulio mji mkuu wa nchi ya Latvia, kando ya bahari ya Baltiki, upande wa kaskazini wa Ulaya. Lilitengenezwa mwaka wa 1880. Lina saraka 70, yaani watoto kama wale wa meza, na nyingine 3 zilizo kubwa zaidi, na kila saraka ndogo imegawanywa vijumba 20. Ndani ya vijumba hivyo zimo karatasi ndogo zaidi ya 200,000. Kila karatasi upana wake ni sentimeta 3 na urefu wake sentimeta 11, na juu yake umeandikwa wimbo mmoja.

Nyimbo hizo hazikutungwa na washairi wenye majina makubwa. Ziliimbwa na wakulima, wachungaji wa ng'ombe, wasichana wa kusaga nafaka, na mama waliokuwa wakibembeleza watoto. Namna zilivyotoka vinywani mwa watu hao zikaingia kabatini, kisha zikatoka kabatini zikawa vitabu, ndiyo habari nitakayoisimulia. Nadhani itawafaa wasikilizaji wetu, kwa maana ni nani kati yetu asiyejua wimbo mmoja aliousikia kwa bibi yake, ambao haumo katika kitabu cho chote?

Kwanza tuijue nchi yenyewe. Walatvia ni taifa dogo, na lugha yao si Kijerumani wala si Kirusi, ingawa mataifa hayo mawili yamewazunguka tangu zamani. Mji wa Riga uliundwa na Wajerumani mwaka wa 1201, na baada ya hapo mashujaa wa Kijerumani waliishika nchi kwa upanga. Walikuja watawala wengine baadaye, Wapolandi na Waswidi, hata mwisho wa karne ya 18 nchi yote ikawa chini ya Kaisari wa Urusi. Lakini katika sehemu kubwa ya nchi wenye mashamba walibaki kuwa Wajerumani wale wale. Mkulima wa Kilatvia alikuwa amefungwa na ardhi ya bwana wake: hakuweza kuhama bila ruhusa, na kazi yake alimfanyia bwana kwanza, shamba lake mwenyewe baadaye. Kifungo hicho kiliondolewa katika jimbo la Courland mwaka wa 1817, na katika Livonia mwaka wa 1819, lakini watu walipewa uhuru bila ardhi. Katika jimbo la mashariki, Latgale, walingoja hata mwaka wa 1861.

Mtu wa hali hiyo alikuwa na mali gani? Hakuwa na ardhi, hakuwa na cheo, wala lugha yake haikutumika katika baraza la hukumu. Alikuwa na nyimbo. Walatvia huziita daina, nazo nyingi ni fupi sana, mistari minne tu. Wapenzi wa mashairi watafurahi kusikia kwamba katika nyingi kila mstari una mizani 8, sawasawa na utenzi wetu; tofauti ni kwamba utenzi hutaka vina na daina haivitaki. Mambo yaliyomo ni yale ya kila siku: mama, ndugu mume, farasi, mti wa mwaloni, nyuki, kazi ya mvua na jua. Jua katika nyimbo hizo ni mwanamke, tena ni mama wa mayatima. Mwezi ni mwanamume.

Waimbaji hasa walikuwa wanawake. Mmoja hutangulia kutoa maneno, mwingine huyarudia, na wengine hushika sauti moja ndefu chini yake kama mvumo wa nyuki. Kulikuwa na nyimbo za kulisha ng'ombe, za kuvuna, za usiku ulio mfupi kuliko yote katika mwezi wa Juni, na za mazishi. Harusini ndipo nyimbo zilipokuwa kali. Upande wa bwana harusi na upande wa bibi harusi walisimama wakaimbiana mafumbo na dhihaka, kila upande ukiuchekesha umma kwa aibu za mwenzake, juu ya ulafi, uvivu na mavazi mabovu, na mwenye kukosa jibu ndiye aliyeshindwa. Hilo halihitaji kuelezwa sana kwa mtu aliyehudhuria ngoma za kujibizana hapa kwetu.

Waliotangulia kuziandika nyimbo hizo hawakuwa Walatvia. Baadhi ya wachungaji wa Kijerumani wa zamani walizichukia, wakiziona ni mabaki ya dini ya kipagani. Lakini walikuwako wengine wenye moyo mwingine. Johann Gottfried Herder, kijana Mjerumani aliyekuwa mwalimu na mhubiri katika Riga tangu mwaka wa 1764 hata 1769, alizisikia nyimbo za wakulima wa nchi ile, na katika mkusanyo wake wa nyimbo za mataifa uliochapwa mwaka 1778 na 1779 alitia baadhi ya nyimbo za Kilatvia. Neno lenyewe linalotumika Ulaya kwa maana ya wimbo wa watu wote, usio wa mshairi fulani, lilienezwa naye. Katika mwaka wa 1807 mchungaji Gustav Bergmann alichapa kijitabu chake cha nyimbo za Kilatvia, na mwaka wa 1844 ukatoka mkusanyo mkubwa zaidi wa mchungaji mwingine, Georg Büttner. Hao tuwape haki yao. Hata hivyo walikuwa kama mtu asimamaye dirishani akisikiliza ngoma ya jirani: aliyoyasikia aliyaandika, ila hakujua yaliyosemwa ndani.

Mambo yaligeuka walipotokea Walatvia waliosoma. Siku zile kijana wa Kilatvia akipata elimu alihesabiwa kuwa Mjerumani, na wengi walikubali kuhesabiwa hivyo, wakaacha lugha ya mama zao. Krišjānis Valdemārs, aliyezaliwa mwaka wa 1825, alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Dorpat, ambao leo ni mji wa Tartu katika Estonia, alibandika mlangoni pake karatasi yenye jina lake, na chini yake akaandika kwamba yeye ni Mlatvia. Watu walistaajabu. Ni jambo dogo, kuandika kabila lako mlangoni pako, lakini wanahistoria wa nchi ile hawaachi kulitaja hata leo. Baadaye yeye na rafiki zake walianzisha gazeti la Kilatvia katika mji wa St. Petersburg mwaka wa 1862. Lilikosoa mambo ya wenye mashamba, na mwaka wa 1865 serikali ikalifunga.

Mmoja wa wahariri wa gazeti hilo ndiye mtu wetu wa leo. Jina lake Krišjānis Barons. Alizaliwa katika Courland tarehe 31 Oktoba 1835, naye alisoma Dorpat elimu ya hesabu na elimu ya nyota. Hakumaliza masomo. Gazeti lilipofungwa alihitaji riziki, akaenda Urusi kuwa mwalimu wa nyumbani katika ukoo wa kitajiri ulioitwa Stankevich, huko Voronezh na Moscow, akakaa katika kazi ya ualimu ugenini kwa muda wa miaka 26. Basi yule ambaye baadaye Walatvia walimwita Baba wa Nyimbo, miaka yake bora aliishi mbali na nchi yake, akifundisha watoto wa watu wengine kwa lugha ya watu wengine.

Kazi ya nyimbo haikuanzishwa naye. Ilianzishwa na Fricis Brīvzemnieks, mwalimu mwingine wa Kilatvia aliyekaa Moscow. Mwaka wa 1869 chama cha wataalamu wa Moscow kilimtuma kwenda kwao kukusanya nyimbo na methali, na mwaka wa 1873 zikachapwa nyimbo zaidi ya 1,000 pamoja na tafsiri ya Kirusi. Kisha akafanya jambo la akili sana. Aliwaandikia watu wa nchi yake katika magazeti, akawaomba kila ajuaye kuandika aandike nyimbo za kijiji chake, asizitengeneze wala asizipambe, amletee kwa posta. Majibu yalipokuja yalikuwa mengi kupita nguvu zake. Mwaka wa 1878 alimkabidhi Barons kazi hiyo. Barons alikuwa na umri wa miaka 42.

Hebu fikirini hali ilivyokuwa. Kutoka vijijini zilifika barua, madaftari ya shule, karatasi zilizokunjwa, zenye maandiko mazuri na maandiko mabaya. Waliozipeleka walikuwa walimu wa shule, wanafunzi, wakulima, watumishi. Mmoja amepeleka nyimbo 10, mwingine 1,000. Nyimbo za harusi zimechanganyika na za kuchunga mbuzi. Wimbo mmoja umefika mara 20 kutoka mahali 20, na kila mara una neno moja au mawili yaliyobadilika. Ungezichapa kama zilivyokuja, msomaji asingeona kitu, angeona rundo.

Hapo ndipo hesabu zilipomfaa. Barons alinunua karatasi, akazikata vipande vidogo vya kipimo kimoja, akawa ananakili kila wimbo peke yake juu ya kipande chake, kwa mwandiko mdogo na safi, na kando akatia alama ya mahali ulikotoka. Wimbo ukiisha kuwa juu ya kipande chake, unaweza kuuchukua kwa vidole viwili na kuuweka karibu na ndugu zake. Ukikosea, unauondoa na kuuweka pengine. Daftari halikubali jambo hilo. Alipoona vipande vinazidi kuwa vingi alichora kwa mkono wake umbo la kabati analolitaka, akawapa mafundi wa Moscow wakamtengenezea. Ndilo kabati hilo la mwaka wa 1880. Kila siku baada ya kufundisha aliketi mbele yake.

Nataka kukaa kidogo hapa, maana watu wengi husifu wingi wa karatasi na kusahau swali lililokuwa gumu zaidi, yaani nyimbo zipangwe kwa utaratibu gani. Angeweza kuzipanga kwa herufi, kama kamusi. Angeweza kuzipanga kwa majimbo, ili kila jimbo lijisifu. Barons alizipanga kwa safari ya maisha ya mwanadamu. Msomaji akifungua vitabu vyake hukutana kwanza na nyimbo juu ya kuimba kwenyewe, kisha kuzaliwa, utoto, ujana, uchumba, na harusi yenye nyimbo nyingi kupita zote, kisha maisha ya mume na mke, uzee, kifo na kaburi. Baada ya hayo huja kazi za shamba na mifugo, majira ya mwaka na sikukuu zake. Kwa utaratibu huo mtu asomaye haoni nyimbo tu, bali humwona mkulima yule asiye na jina akizaliwa, akioa, akifa.

Swali la pili lilikuwa juu ya zile namna mbalimbali za wimbo mmoja. Mkusanyaji mwenye haraka huchagua namna iliyo nzuri, akazitupa nyingine. Na mkusanyaji mwenye kiburi huchukua mstari mzuri wa hapa na mstari mzuri wa pale, akaunda wimbo ambao hakuna aliyepata kuuimba. Ulaya walikuwako wakusanyaji mashuhuri waliofanya hivyo. Barons alichagua wimbo mmoja kuwa kama shina, akauchapa kwa herufi kubwa, na chini yake kwa herufi ndogo akatia tofauti zote, pamoja na alama za mahali. Katika vitabu vyake zimo nyimbo 217,996. Zilizo shina ni karibu 36,000 tu. Zilizobaki ni namna zake. Kuna watu waliosema kwamba huo ni upotevu wa karatasi na wino. Mimi naona ndiyo sababu vitabu hivyo vinaaminika. Mtu wa kijiji fulani akivifungua huona neno la kijiji chake limeandikwa kama walivyolitamka, halikuondolewa kwa kuwa kijiji cha pili kilisema vizuri zaidi. Ingawa hapana budi kusema kwamba kule kuchagua shina ni hukumu, na hukumu hiyo ilikuwa ya mtu mmoja.

Na nyimbo za matusi je? Kila kabila linazo, na kila mkusanyaji huona haya. Walatvia wanazo nyingi, hasa za harusini. Barons, aliyekuwa mtu mpole na mwenye adabu, hakuzichoma wala hakuzibadilisha maneno. Alizitenga, akazitia mwisho kabisa, katika sehemu ya kitabu cha sita iliyofanywa kuwa kitabu cha peke yake, ili asiyezitaka asikutane nazo kwa bahati mbaya. Mwenye kutaka kujua watu wake wote kwa jumla huzikuta huko.

Kuchapa kunataka fedha, na mwalimu wa nyumbani hana fedha. Fedha zilitoka kwa Henrijs Visendorfs, mfanyi biashara wa Kilatvia aliyekaa St. Petersburg, naye jina lake limechapwa pamoja na la Barons mbele ya kitabu. Barons alirudi Riga mwaka wa 1893, kabati lake pamoja naye, na kitabu cha kwanza kikachapwa katika mji wa Jelgava mwaka wa 1894. Kitabu kiliitwa Latvju dainas, yaani Nyimbo za Walatvia. Lakini gharama zilizidi uwezo wa mtu mmoja, na vitabu vilivyofuata vilichapwa na Chuo cha Elimu cha Kaisari katika St. Petersburg. Ndivyo ilivyokuwa: serikali ile ile iliyolifunga gazeti la Walatvia, chuo chake ndicho kilichozichapa nyimbo zao. Kitabu cha mwisho kilitoka mwaka wa 1915, wakati majeshi ya Ujerumani yamekwisha kuingia Courland na watu kwa maelfu wanakimbia na mizigo yao. Barons alikuwa karibu kutimiza miaka 80. Tangu kukabidhiwa kazi ilikuwa imepita miaka 37.

Msikilizaji wa pwani yetu huenda akauliza kama kazi ya namna hii ilikuwako kwetu. Ilikuwako, tena katika miaka ile ile. Huko Mombasa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka wa 1890, aliyakusanya mashairi ya Muyaka bin Haji yaliyokuwa yangali vifuani mwa wazee, ingawa Muyaka mwenyewe alikuwa amekufa yapata mwaka wa 1840. Mwalimu Sikujua aliandika kwa herufi za Kiarabu, na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor alitia maelezo ya maneno magumu na ya visa vilivyosababisha mashairi. Karatasi hizo zilikwenda London. Mwaka wa 1940 William Hichens alichapa Diwani ya Muyaka kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand huko Johannesburg. Muyaka alikuwa mshairi mwenye jina, na mashairi si sawa na nyimbo za kutwangia. Lakini katika habari zote mbili naona jambo moja, kwamba kazi haikuwezekana mpaka alipopatikana mwenyeji aliyejua lugha tangu utotoni, akajua pia ni mlango gani wa kubisha hodi. Bila Mwalimu Sikujua, Taylor angeyaandika maneno asijue kisa chake.

Turudi Riga. Nimesifu sana, sasa niseme yaliyokosekana. Vitabu vya Barons vina maneno, havina sauti. Wimbo umelala juu ya karatasi kama samaki juu ya ubao: umbo lake lote lipo, ila haogelei. Barons hakuwa mtu wa muziki, na wale waliompelekea nyimbo hawakujua kuandika sauti kwa alama. Kazi hiyo ilifanywa na wengine, kwanza Andrejs Jurjāns, mwalimu wa muziki aliyeanza kuchapa mikusanyo yake ya sauti mwaka ule ule wa 1894, na baada yake Emilis Melngailis, aliyekusanya sauti kwa maelfu. Tena kuna upungufu wa pili, ambao kwangu ni mkubwa zaidi. Alama ya mahali ipo, jina la aliyepeleka barua lajulikana; bali wale mama wazee walioketi jikoni wakatoa nyimbo hizo kutoka kumbukumbuni mwao, wengi majina yao hayakuandikwa. Mwandishi alimwandika mwandishi mwenziwe.

Latvia ilitangaza uhuru tarehe 18 Novemba 1918. Vitabu vya Barons vilichapwa mara ya pili katika Riga mwaka wa 1922 na 1923, na mwenyewe alifariki tarehe 8 Machi 1923, mwenye umri wa miaka 87. Mwaka uliofuata, 1924, mwanamke mmoja mwalimu, Anna Bērzkalne, alianzisha Hazina ya Mapokeo ya Walatvia. Alizitegemea shule sana. Watoto walipewa kazi ya kwenda kwa babu na bibi zao na madaftari, wakaandika nyimbo, hadithi, vitendawili na dawa za miti. Wanafunzi mnaonisikiliza, msidhani kwamba ilikuwa kazi ya mchezo. Sehemu kubwa ya mali ya hazina hiyo ilitoka katika madaftari ya watoto.

Uhuru ule haukudumu. Mwaka wa 1940 Urusi ya Kisovieti iliichukua nchi, mwaka wa 1941 wakaingia Wajerumani wa Hitler, kisha Wasovieti wakarudi wakakaa hata mwaka wa 1991. Katika miaka hiyo sikukuu kubwa ya nyimbo, iliyoanza katika Riga mwaka wa 1873 na waimbaji wapatao 1,000, haikufutwa, lakini watu walilazimishwa kuimba pia sifa za watawala. Nyimbo za zamani zilibaki kuwa mahali ambapo mtu aliweza kusimama na wenzake bila kusema neno la siasa. Mwaka wa 1985 watu waliadhimisha miaka 150 ya kuzaliwa kwake Barons, na wengi wanaokumbuka husema kwamba hapo moyo wa taifa ulianza kuamka tena. Wenyeji wa nchi tatu za Baltiki huyaita mambo yaliyofuata, tangu mwaka wa 1987 hata 1991, Mapinduzi ya Kuimba. Yeyote asiwaambie kwamba nyimbo peke yake ziliishinda dola. Dola ile ilikuwa imekwisha kuoza kwa ndani, na damu pia ilimwagika katika Riga mwezi wa Januari 1991. Lakini makutano yale yalikuwa na maneno ya kuimba kwa pamoja, na maneno yale yalijulikana na wote.

Wakimbizi walivichukua vitabu hivyo hata ng'ambo. Katika mji wa Montreal huko Kanada, mwanamke Mlatvia aliyeondoka kwao akiwa mtoto wakati wa vita, Vaira Vīķe-Freiberga, aliyekuwa profesa wa elimu ya nafsi, alizichagua nyimbo zote zinazotaja jua, akishirikiana na mumewe Imants Freibergs wakazitia katika kompyuta ili wazichunguze neno kwa neno. Mwaka wa 1999 alichaguliwa kuwa Rais wa Latvia, akakaa katika kazi hiyo hata 2007.

Latvia ilipopata uhuru tena ilitoa fedha zake, ziitwazo lati. Noti ya lati 100, mojawapo ya noti zake zilizotumika kabla ya nchi kuingia katika fedha ya yuro mwaka wa 2014, ilikuwa na picha ya mzee mwenye ndevu nyeupe ndefu. Hakuwa jemadari wala mfalme. Ni yule mwalimu wa nyumbani. Na kabati lake lilitiwa na UNESCO katika orodha ya kumbukumbu za dunia mwaka wa 2001, na tangu mwaka wa 2014 limewekwa katika jengo jipya la Maktaba ya Taifa. Ile hazina ya Anna Bērzkalne nayo inaendelea na kazi. Nyimbo za Walatvia zilizokwisha kuandikwa ni zaidi ya 1,000,000, na sauti za kuimbia ni kama 30,000, maana sauti moja huweza kubeba nyimbo nyingi, na mama mmoja aliyejua sauti tano au sita aliweza kuimba usiku kucha harusini bila kurudia ubeti.